Mpwa Wangu, Kabla Hujasema Ndiyo

Mpwa wangu, maombi ya watumiaji wako nimeyasoma yote, hata yale uliyoniambia niyaruke kwa kuwa yana matusi. Kihariri chako cha ramani za gemu kimeshika. Watu wamekizoea, na mtu akishazoea chombo huanza kukitamani kiwe na kitu kimoja zaidi. Huyu anataka taa za rangi vyumbani. Yule anataka ramani iwe kubwa mara nne. Mwingine anataka kigae akigeuze kushoto kulia, mwingine anataka skrini nyeusi kwa kuwa kazi yake anaifanya usiku, na mmoja ameandika neno moja tu, "haisevu", akanyamaza. Wewe umeyapanga kwa kura, lenye kura nyingi juu, unataka nikuambie kama uanze na la kwanza.

Usianze nalo. Huo mpangilio uvunje. Yapange upya kwa kuliuliza kila ombi swali moja: nikilikubali, litaligusa faili?

Mtu anayepiga hesabu kwenye kikokotoo akimaliza huondoka na jibu lake, na kikokotoo kikifa kesho hajapoteza kitu. Anayetumia kihariri anaacha kazi yake humo. Ramani aliyoichora kwa miezi, jioni baada ya kutoka kibaruani, watoto wakiwa wamelala, imekaa ndani ya faili ambalo programu yako ndiyo inayolijua vizuri kuliko programu nyingine yoyote. Rangi ya menyu ukiikosea utaibadilisha toleo lijalo, watu watacheka kidogo, yataisha. Muundo wa faili ukiukosea utaishi na kosa hilo maadamu yupo mtu mmoja duniani mwenye ramani ya toleo lile. Ahadi ni deni, na kila baiti unayoiandika kwenye diski ya mtu ni ahadi kwamba kesho utaweza kuisoma.

Kwa hiyo anayetaka skrini nyeusi mpe, hata wiki hii. Haigusi faili, na ikiwa mbaya utaiondoa. Kwenye taa za rangi, kaa kitako kwanza nikueleze.

Unaijua Doom, japo ilitoka hujazaliwa. Ilitoka tarehe 10 Desemba 1993. Mwaka uliotangulia id Software, walioitengeneza, walikuwa wametoa Wolfenstein 3D, na wachezaji wakaichokonoa, wakabadilisha picha na ramani zake bila kuruhusiwa na mtu. John Carmack alipoiandika Doom hakuhangaika kuziba tundu hilo, bali aliweka mlango. Injini ya gemu ikakaa peke yake, na ramani, picha na sauti zikakaa kwenye faili la pembeni ambalo jina lake huishia kwa herufi WAD. Mapema mwaka 1994 Brendon Wyber na Raphaël Quinet, ambao hawakuwa waajiriwa wa id, wakatoa kihariri cha ramani kilichoitwa DEU, na dunia nzima ikaanza kujenga vyumba.

Sasa chungulia ndani ya WAD. Chumba kimoja, ambacho wenyewe wanakiita sekta, kinaandikwa kwa baiti 26. Mbili ni za kimo cha sakafu, mbili za kimo cha dari. Nane ni jina la picha ya sakafu, nane jina la picha ya dari. Mbili ni za mwanga, mbili za tabia ya chumba, kwa mfano kama sakafu yake inaunguza, na mbili za mwisho ni namba inayokiunganisha chumba na swichi au mlango fulani. Jumlisha. Zimekwisha, hakuna hata baiti moja iliyobaki wazi. Mwanga wenyewe ni namba moja tu, kuanzia 0 gizani hadi 255 kweupe. Basi akija mtu na adabu zake zote akakuomba taa nyekundu, utaiweka wapi? Ukiongeza baiti moja tu mwishoni, programu isiyo na habari itaanza kukisoma chumba cha pili kwenye baiti ya mwisho ya chumba cha kwanza, na kutoka hapo kila kitu kimepinda: dari inakuwa sakafu, jina la picha linakuwa mwanga.

Ramani kubwa nayo ni hivyo hivyo. Kona moja ya ukuta katika Doom ni baiti nne, mbili za mlalo na mbili za wima, na baiti mbili hazihesabu zaidi ya kutoka -32768 hadi 32767. Kona iliyo kwenye kizio cha 40000 haiandikiki. Hata ukusanye kura za mtaa mzima, haiandikiki.

Na bado watu wa Doom walizitaka taa za rangi, na wakazipata. Walichofanya ni kuuacha muundo wa zamani ulivyo, wakatunga mwingine kando yake, UDMF, ulio wa maandishi, ambamo kila sehemu ina jina lake na unaweza kuongeza mpya bila kuzisogeza za zamani. Haikuwa bure. Faili likawa kubwa zaidi, na gemu ya asili ya 1993 hailisomi kabisa. Anayechora ramani lazima achague tangu mwanzo anachorea nani. Lakini ramani ya mwaka 1994 ukiipeleka leo kwenye Ultimate Doom Builder inafunguka. Zaidi ya miaka thelathini, mpwa wangu. Wewe unajua programu ngapi zinazofungua kitu cha miaka mitano iliyopita bila kunung'unika?

Hicho ndicho kipimo ninachokutaka ukishike. Usiniambie kipengele kinapendeza. Niambie asiyekitumia atalipa nini.

Maana wapo waliolifanya hili vizuri sana. Kuna kihariri kiitwacho Tiled, kilichoanzishwa na Thorbjørn Lindeijer, kinachotumiwa na watengenezaji wengi wa gemu za vigae. Katika faili lake kila kigae kwenye ramani ni namba: hapa kigae cha 1, pale cha 57. Kugeuza kigae kushoto kulia ni jambo la maana, linakuokoa usichore picha mbili za ukuta mmoja. Namba hizo zina biti 32, na hakuna binadamu mwenye vigae bilioni mbili, kwa hiyo biti za juu kabisa zilikuwa zimekaa tu. Wakazitumia kama alama: biti ya juu ikiwaka, kigae kimegeuzwa. Hivyo kigae cha 1 kikigeuzwa kushoto kulia kinaandikwa 2147483649. Gemu inayolisoma faili hilo bila kuzifuta alama kwanza itatafuta kigae cha bilioni mbili, isikione. Maumivu hayo ni ya kweli, na wengi wanaoandika kisomaji chao kwa mara ya kwanza hujikwaa papo hapo. Ila angalia jambo moja: ramani isiyo na kigae hata kimoja kilichogeuzwa ilibaki vilevile, baiti kwa baiti. Aliyekitaka kipengele ndiye aliyelipa, na jirani yake hakusumbuliwa. Hapo ndipo ninapoupenda uamuzi ule.

Wewe nawe ujiwekee jaribio hili na usilivunje hata ukibembelezwa. Chukua ramani iliyohifadhiwa na toleo lako la kwanza kabisa. Ifungue kwenye toleo jipya, usiguse kitu, ihifadhi kwa jina jingine, kisha ulinganishe mafaili hayo mawili. Yakitofautiana na huwezi kueleza kwa nini, toleo halitoki.

Kuna na maombi ambayo yanakujia wewe lakini deni lake liko kwa mwingine. Injini ya Doom ya asili ilikuwa na kikomo cha vipande 128 vya sakafu na dari vinavyoonekana kwa mtazamo mmoja. Wenyewe wanaviita visplane. Mtu akichora ukumbi mkubwa wenye ngazi nyingi na vimo tofauti, kihariri kinauchora vizuri, hakilalamiki, halafu mchezaji akisimama mahali fulani akatazama upande fulani, gemu inazima na kumtupa nje na ujumbe kwamba visplane zimekwisha. Mchoraji anarudi kwa mwenye kihariri amefura. Na mwenye kihariri hana la kufanya, kikomo kiko kwenye injini. Kilipoondolewa, kiliondolewa na walioandika injini upya baada ya id kutoa msimbo chanzo wa Doom mwezi Desemba 1997. Boom ya mwaka 1998 ilikuwa mojawapo. Kinachowezekana upande wako ni kumwonya mchoraji mapema kwamba chumba chake kinakaribia kikomo. Onyo kama hilo haligusi faili na linaokoa watu wengi. Lakini hakuna atakayekuja kuliomba, kwa kuwa anayeumia anafikiri tatizo ni kihariri kinachozuia, wakati tatizo lenyewe ni kihariri kinachonyamaza.

Ndiyo maana nasema ombi lisomwe kama unavyomsikiliza mtu anayesema anaumwa. Amini kwamba anaumwa. Dawa aliyoitaja, iweke pembeni kwanza.

Wenye Godot, injini ya gemu iliyoanzia Argentina kwa Juan Linietsky na Ariel Manzur, na ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2014, wana utaratibu wa kupokea maombi ninaokushauri uuige. Mwenye ombi haruhusiwi kutaja kipengele akaondoka. Anaulizwa: unatengeneza mradi gani? Umekwama wapi katika mradi huo? Unachokipendekeza kitakukwamuaje? Kama hakitatumika mara nyingi, je, mistari michache ya skripti haiwezi kulimaliza jambo? Na kwa nini kiwe ndani ya injini badala ya kuwa nyongeza ya pembeni? Utaniambia huo ni urasimu, kijana wa watu ameona jambo zuri na wewe unampa fomu kama yuko dirisha la kitambulisho. Sawa. Lakini swali la kwanza peke yake, la "unatengeneza nini", litakupunguzia nusu ya mzigo.

Mchukue huyo wa ramani mara nne. Mimi simjui, ila nina hakika hataki ramani kubwa. Hakuna anayetaka ramani kubwa, ni mateso kuisogeza. Huenda anachora mji, na gari lake likifika ukingoni dunia inaisha. Anachohitaji ni ramani mbili zishikane, atoke hii aingie ile bila mshono kuonekana. Tiled wana faili la kando linaloitwa world, linalopanga ramani kadhaa kwenye uso mmoja, na kila ramani inabaki faili lake lilelile. Likiharibika hilo la kando, ramani zipo. Tazama tofauti: alichokiomba kingevunja kila faili la kila mtu, alichokihitaji hakimgusi mtu. Na hutakijua mpaka umuulize.

Muulize kwa heshima lakini. Nyinyi vijana mkijua kompyuta kidogo mnajibu watu kama mnawakamata uongo.

Utakuja na methali yako kwamba wengi wape. Sikatai, na hata kipande chake cha pili nakikubali, kwamba usipowapa watachukua wenyewe. Historia ya gemu ni ushahidi mtupu. Mlango wa WAD uliruhusu ramani na picha, ila haukuruhusu kubadilisha nguvu za maadui au mwendo wa silaha, kwa kuwa hayo yalikuwa ndani ya programu yenyewe. Watu hawakungoja. Mwaka 1994 Greg Lewis akatoa DeHackEd, chombo kilichoingia ndani ya DOOM.EXE na kuzibadilisha namba mle mle. Basi kama watachukua wenyewe, jukumu lako ni kuamua watachukulia wapi. Ukiwawekea mahali rasmi pa kuongeza mambo yao, watayaweka hapo, na faili lako litapona. Usipowawekea, watachokonoa, na siku ukibadilisha kitu kidogo tu ndani, kazi zao zitakufa na lawama ni zako.

Hapa tena Tiled wananifurahisha. Mmoja anatengeneza gemu ya kuendesha gari anataka kila kipande cha barabara kiwe na mwendo wa juu kabisa. Mwingine ana gemu ya kilimo, anataka kila shamba lijue aina ya udongo. Wa tatu anataka mlango ujue ufunguo wake. Ukikubali moja moja utajaza menyu mpaka mwenyewe upotee humo. Wao wakampa kila mtu uwezo wa kubandika jina na thamani yake juu ya kigae, kitu, tabaka au ramani nzima: andika "mwendo" uweke 80, andika "udongo" uweke "mfinyanzi". Kihariri hakielewi maana yake na hakina haja ya kuielewa, kinatunza tu na kukabidhi. Baadaye wakaruhusu pia watu kuandika nyongeza zao kwa JavaScript. Jambo moja lililofikiriwa vizuri likajibu maombi ambayo hayajaandikwa bado. Katika orodha yako hiyo nimeona maombi mengi ya namna hii, yamevaa nguo tofauti tu. Yatafute, ni ombi moja.

Sasa nikurudishe kwenye kura. Hizo kura zimepigwa na nani? Na mwenye bando la kukaa mtandaoni, anayeandika Kiingereza bila woga, ambaye programu yako inamwendea vizuri kiasi cha kuwa na nafasi ya kutamani mengine. Yule ambaye ramani yake ilipotea hapigi kura. Amefuta programu, ameondoka, na hukusikia mlango ukifungwa.

Kwa hiyo huyo wa "haisevu" ndiye mtu wako wa kwanza. Amekuandikia neno moja, pengine kwenye simu ya kuazima, na neno hilo linagusa faili kuliko orodha yako yote. Nimeutazama msimbo wako wa kuhifadhi. Unafanya kama wengi wanavyofanya: unalifungua faili lilelile la mtu, unalifuta, halafu unaanza kuliandika upya. Ofisini Ulaya hilo halionekani. Kwetu, kwenye laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa na inaishi kwa waya, umeme ukikatika kati ya kufuta na kuandika, mtu anakuta faili la baiti 0. Jina la ramani lipo, tarehe ipo, ndani hamna kitu. Badilisha. Andika ramani kwenye faili jipya pembeni ya lile la zamani. Uhakikishe data imefika diskini kweli, isiwe imebaki kwenye kumbukumbu ya mfumo ikisubiri zamu. Kisha ndipo ulipe faili jipya jina la lile la zamani. Umeme ukikatika popote njiani, mtu atakuta ama ramani ya zamani nzima au ramani mpya nzima. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Hakuna atakayekushukuru, maana hakuna anayeliona jambo ambalo halikutokea.

Na ukitaka kuwaona wasiopiga kura, inuka uwafuate. Tazama vijana wetu wanavyoichezea Bus Simulator Indonesia, hiyo wanayoiita BUSSID, ya kampuni ya Maleo. Wameyapaka mabasi ya mikoani na matatu za Nairobi juu ya magari ya Indonesia, rangi kwa rangi, mpaka na maandishi ya nyuma ya basi. Wengi wao hawajiiti waandishi wa programu, na ukiwauliza "kipengele gani unakihitaji" watakutazama tu. Wanapaka juu ya picha bapa, ubavu huu hapa na ule pale, kwenye simu, kwa kidole. Kaa nyuma ya mmoja wao saa nzima usiseme neno. Utaona mahali anapokuza picha na kuipunguza mara kwa mara, mahali anapofanya jambo lile lile tena na tena, mahali anaponong'ona "aah". Hizo aah ndizo maombi. Hazina kura hata moja.

Kuongeza ni rahisi, kuondoa ni msiba. Blender, ile programu ya kuchonga maumbo ya pande tatu, ilikuwa na injini ya gemu ndani yake kwa miaka mingi. Toleo la 2.80 lilipotoka mwaka 2019, injini hiyo ilikuwa imeondolewa. Mimi naona walikuwa na haki, lilikuwa tawi lisilo na wa kulitunza na lilizuia mengine kukua. Lakini aliyekuwa ametengeneza gemu yake kwa injini ile alibaki na faili lisiloendeshwa na toleo jipya, akalazimika ama kubaki na la zamani au kuhamia kwa waliouendeleza mradi huo pembeni. Kila unapotaka kusema ndiyo, jiulize utaitunza ndiyo hiyo ukiwa na miaka arobaini, una watoto na kazi nyingine.

Na unapotaka kusema hapana, sema hapana. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wa "tutaona", "tutaliangalia", "inshallah". Ni hapana iliyovaa kanzu. Mwomba anaielewa kama ndiyo, anasubiri, mwaka unapita, na hasira yake inakuwa kubwa kuliko ombi lenyewe. Andika: "Ndugu, nimekuelewa, hili sitalifanya, kwa sababu litabadilisha mafaili ya wengine. Njia nyingine ni hii." Mistari mitatu. Atakasirika siku mbili. Wengine watakutukana, na wewe usirudishe, ila usibadilishe jibu kwa ajili ya matusi pia, kwa maana ukibadilisha mara moja umewafundisha wote lugha ya kukuombea.

Atakuja mwenye pesa. Studio fulani itakuambia, weka hiki tukulipe. Pokea, usione haya, chombo hiki hakijakulipia hata kodi ya chumba. Uza muda wako, uza haraka, uza nyongeza ya pembeni iliyotengenezwa kwa ajili yao. Muundo wa faili usiuuze.

Halafu kuna mwombaji mmoja ambaye hujamweka kwenye orodha, na ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Ni wewe. Umeniandikia kwa kupitapita tu, chini kabisa, kwamba unafikiria kukiandika kihariri chote upya kwa lugha nyingine kwa kuwa msimbo wa zamani unakutia aibu. Ombi hilo halina kura, halina mradi nyuma yake, na hakuna mtu anayeumwa. Lijazie fomu ile ile ya Godot. Umekwama wapi? Kama jibu ni kwamba umechoka nalo, pumzika mwezi mmoja, hilo ni jibu halali kabisa. Kama jibu ni la kweli, kwamba huwezi kurekebisha hitilafu bila kuzaa nyingine mbili, basi andika upya sehemu baada ya sehemu, na ile ramani ya toleo la kwanza iwe inafunguka kila jioni unapofunga kazi.

Jambo la mwisho ni kazi ya kukupa. Doom haikudumu kwa sababu ya DEU peke yake. DEU yenyewe imeshapita, na vihariri vilivyoifuata navyo vimepita. Mwaka 1994 Matt Fell aliandika na kusambaza hati ya maelezo ya Doom isiyo rasmi, iliyoeleza kilichomo ndani ya WAD, kipande kwa kipande: hizi baiti mbili ni kimo cha sakafu, hizi nane ni jina la picha. Mtu yeyote aliyetaka kuandika kihariri chake alikuwa na pa kuanzia. Wewe huna hati kama hiyo. Muundo wa faili lako umo kichwani mwako na ndani ya msimbo usio na maelezo, na watu wameshakukabidhi kazi zao. Kabla ya taa, kabla ya vigae, kabla ya kumjibu mtu yeyote, kaa uiandike, kurasa chache tu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, uiweke wazi pamoja na programu. Ukimaliza nitumie niisome, nami nitajaribu kuifungua ramani yako moja kwa kuifuata hiyo hati peke yake.